Aina ya Mti

Atakaye kujua hali ya mimea ya visiwani na mwambao asianzie msituni. Aanzie kwenye rafu ya vitabu, afungue kamusi. Atafute mdaa, mkilua, mfuu, mtondoo, mbura. Atafute miti kumi, ishirini, kadiri nafasi yake itakavyomruhusu. Katika kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili zilizofuatana tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, mara nyingi atapokewa na maneno matatu: aina ya mti. Pengine ataongezewa kwamba mti huo huzaa matunda madogo, au kwamba mizizi yake ni dawa, na hapo mtunga kamusi huwa ameshatimiza wajibu wake na kuhamia neno jingine. Hakuna mtaalamu wa lugha ambaye angethubutu kumweleza simba kuwa ni aina ya mnyama kisha akanyamaza. Miti haina wa kuitetea.

Fedheha huzidi mtu anapoitazama kazi ya Charles Sacleux, padri wa Kifaransa ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939. Padri huyo alikaa Unguja na Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, akawa anakusanya majani na maua na kuyakausha; na ndani ya kamusi yake jina la mmea aghalabu hufuatwa na jina lake la kitaalamu, ili msomaji asiwe na shaka ni mmea gani unaosemwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1949, R. O. Williams akatoa kitabu kizima juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, nacho ni cha Kiingereza. Basi mtoto wa Makunduchi anayetaka kujua kwa maandishi ni mti gani huo ulioota nyuma ya nyumba ya bibi yake, sharti ajifunze kwanza Kifaransa au Kiingereza, kisha arejee kwa bibi yake kumweleza kile ambacho bibi alikuwa akikijua tangu zamani. Na kama bibi ameshafariki, abaki na aina ya mti.

Wapenzi wa ushairi huenda wakauliza jambo hili linawahusu nini, nao ndio wa kwanza kuhusika. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, mna kisa cha kikoa. Maadui wa Liyongo wanapanga naye kwenda kula makoma kwa zamu, kila mtu siku yake apande mkoma awaangushie wenziwe, na siku ya Liyongo akiwa juu wamtupie mishale. Liyongo anaitambua hila, anachukua upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mishale, naye miguu yake ipo ardhini. Kisa chote kimesimama juu ya mti. Asiyewahi kuuona mkoma hajui urefu wake, hajui jinsi aliyekwea anavyokuwa wazi mbele ya mpiga mshale, hajui ugumu wa shina la kichala wala shabaha inayohitajiwa kukikata kutoka chini. Kwake yeye kisa hiki ni hekaya ya shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kwa hadhira ya kwanza kilikuwa ni kisa cha mtu mwenye akili na jicho, kwa sababu kila aliyeketi kusikiliza alikuwa ameketi juu ya jamvi, na jamvi lilisukwa kwa miyaa, na miyaa ni majani ya mkoma huohuo.

Tanzu zote za ushairi wa mwambao zimejaa mimea, na washairi wa leo hawajaacha kuitumia. Kilua hutajwa pale mpenzi anaposifiwa, mkadi hutajwa pale chumba cha arusi kinapoelezwa, mkoko husimamishwa dhidi ya mawimbi kuwa mfano wa subira. Lakini wangapi kati ya hao wanaotunga wamewahi kuushika mkadi wenye miba, au wanaweza kuupambanua mkilua na mti uliosimama ubavuni mwake? Jina limekuwa kama sarafu iliyofutika sura. Hupokezwa mkono kwa mkono bila ya mtu kuitazama. Mshairi aliyepata kilua chake kutoka katika shairi la mshairi mwingine, naye akakipata kwa mwingine, anauza harufu ambayo hajainusa. Na msomaji anayelipigia makofi shairi hilo hawezi kumkamata, maana naye hajainusa.

Visiwa, hata hivyo, haviishi maneno matamu juu ya mimea yake, na kila mgeni anayeshuka bandarini au kiwanja cha ndege huahidiwa kuoneshwa urithi huo. Hupelekwa Kizimbani na Kidichi katika ziara za viungo. Huko ataoneshwa karafuu, iliyotoka Maluku na kufika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Ataoneshwa mdalasini wa Sri Lanka, pilipili manga na hiliki za India ya kusini, kungumanga ya visiwa vya Banda, vanila ya Meksiko. Litapasuliwa tunda la mzingefuri, ambao asili yake ni Amerika ya kitropiki, na wageni watapakwa midomo kwa rangi yake nyekundu huku wakicheka na kupigana picha. Kisha watavishwa kofia za makuti, wataonja chai, watarudi hotelini wakiamini kwamba wameiona Zanzibar ilivyoota. Kwa kweli wameona orodha ya shehena.

Msituni kwenyewe hakuna aliyewapeleka. Msitu wa maweni, ule unaoota juu ya mawe ya matumbawe upande wa kusini na mashariki ya Unguja, kwa macho ya mwenye haraka ni kichaka tu, ni kuni zisizo na mwenyewe. Ndimo umo mdaa, ambao mizizi yake ilichemshwa na wanawake kupata rangi ya kutilia ukindu, na vijiti vyake vikatafunwa kuwa mswaki. Ndimo mna mibungo inayopanda miti mingine, na bungo lake hutoa maji ambayo mtu akiyanywa siku ya joto haulizi soda. Msitu huo hukatwa kwa kuni, kwa mkaa na kwa matanuri ya chokaa, na karibu na pwani husafishwa wote ili pajengwe hoteli. Na hoteli ikishasimama, mwenyewe hutafuta mtu wa kumtengenezea bustani. Huletwa udongo kwa malori. Hupandwa ukoka unaonyweshewa maji asubuhi na jioni katika vijiji ambavyo visima vyake vina chumvi. Hupandwa boganvilia ya Brazili na mitende ya mapambo ya visiwa vya Karibi. Kisha ubao hutundikwa penye njia: Bustani ya Kiafrika.

Jambo hili lina nasaba yake. John Kirk, balozi mdogo wa Kiingereza aliyekaa Unguja kuanzia mwaka 1866 hadi 1886, alikuwa mjuzi wa mimea, na huko Mbweni alikuwa na bustani ya majaribio ambamo aliotesha miche kutoka kila pembe ya dunia aone ipi italeta faida. Alikusanya vilevile mimea ya hapa, akaipeleka kwao ikapewa majina. Ndiyo maana mkadi wa mwambao na hata kima punju wa Jozani hubeba jina la Kirk katika Kilatini hadi leo. Hesabu ya mabadilishano hayo haihitaji karani: mmea wa kigeni ulipata shamba, mmea wa hapa ulipata jina la mgeni. Na tangu hapo, neno bustani katika fikra za watawala na za wasomi waliowarithi limekuwa na maana moja tu, mahali pa kuwekea kile kilicholetwa.

Pemba kuna mti uitwao mpapindi. Ni wa jamii ya minazi na mipopoo, una mashina yenye pete, na makuti yake yanajipinda kwa madaha. Kwa asili hauoti mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwani humo, nao hupatikana msitu wa Ngezi, hicho kipande kilichobakia baada ya sehemu kubwa ya misitu ya Pemba kufyekwa. Mwaka 1962 ulielezwa rasmi katika maandishi ya kitaalamu na kupewa jina la Kilatini lenye kutaja Pemba. Tangu hapo wapenda mitende wa nchi za mbali wameutafuta, na leo mpapindi unaota katika bustani za watu ambao hawawezi kuionesha Pemba kwenye ramani. Katika bustani za Unguja, na ajabu zaidi katika nyua za ofisi za Pemba yenyewe, ni vigumu kuukuta. Ng'ambo ya mkondo, katika milima ya Usambara, mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Ua hilo likawa miongoni mwa maua ya sufuria yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani, na hukaa kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba. Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1902, Wajerumani wakafungua Amani, katika milima hiyohiyo, kituo kikubwa cha mimea, na kazi yake ikawa kuleta na kujaribu miti ya nchi nyingine. Na mmojawapo wa miti iliyoletwa, msizi, umetoroka mashamba na kuuvamia msitu asilia ambamo ua lile lilizaliwa.

Wapo watakaojibu, na jibu lao si la kupuuzwa, kwamba kila kitu visiwani kilikuja kwa jahazi. Mnazi ulikuja, mwembe ulikuja, mchungwa, mlangilangi, asumini iliyomo ndani ya kikuba, mwarobaini unaosifiwa kwa maradhi arubaini, hata karafuu ambayo bila yake historia ya Zanzibar isingesomeka. Watasema pia kwamba Kiswahili chenyewe ni lugha iliyofungua mlango, na mwenye kutaka kuwafukuza wageni bustanini kesho atataka kuwafukuza katika kamusi. Hoja hiyo ni ya kweli hadi katikati, kisha inapinda. Mnazi umekaa karne nyingi, ukapata majina kwa kila rika la tunda lake, kidaka, dafu, koroma, nazi, ukapata methali, ukapata kazi jikoni, juu ya paa, katika kamba na katika pakacha. Huyo ameshakuwa mwenyeji, wala hapana mwenye akili timamu anayemdai hati ya kusafiria. Lakini kunguru weusi wa mjini nao walikuja kwa meli, katika miaka ya 1890, wakiletwa kutoka India wasafishe taka. Leo wanafukuza ndege wa visiwani na kuiba vifaranga uani. Ugeni una daraja. Ukarimu wa mwambao una methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, na sharti limo ndani ya methali yenyewe. Bustani inayompa mgeni kivuli na maji huku mwenyeji akichomwa tanurini haina haki ya kuitumia.

Na mwenyeji huyo si pambo. Aingie mtu katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, ya Lamu au ya Pate, apime upana wa chumba. Atakuta vyumba ni virefu na vyembamba, na upana wake haupiti kiasi cha mita 3. Fundi hakukosa nafasi, wala hakupenda ufinyu. Dari lilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila ya kupinda. Mti wa pwani ndio uliopanga jinsi watu watakavyolala, watakavyopokea wageni na watakavyowaficha wanawali wao, na usanifu mzima ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, ulichorwa na mikoko kabla ya kuchorwa na binadamu. Ganda la mkandaa, ndugu wa mkoko huo, lilitoa rangi nyekundu iliyoiva ya kutilia ngozi na nyavu. Maiti huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi. Kivumbasi huwekwa chumbani kufukuza mbu. Mchunga, mboga chungu inayojiotea kwenye mashamba, iliwashibisha watu katika miaka ambayo mchele haukufika, na waliokula huo mchunga wakaubadili ulazima kuwa ladha, hata leo mzee wa shamba akikosa uchungu ule mezani huona hajala.

Ukindu unastahili neno lake peke yake. Msusi hachumi kuti lolote. Huchagua kikonyo kichanga, hukianika, hukipasua kwa ukucha au kisu kidogo, hukitia rangi, ndipo akaanza ukili, na ukili hushonwa kwa ukili hadi mkeka ukamilike. Rangi sasa ni unga wa dukani, kwa sababu mdaa uko mbali na kuchemsha mizizi kunahitaji kuni na siku nzima. Si kosa la msusi. Hakuna aliyempandia mdaa karibu. Wanaomnunulia mkeka na kuutundika ukutani kama sanaa wangeweza, kwa thamani ya karamu moja ya kumpongeza, kumpatia robo eka ya mikindu na midaa.

Kuna kundi jingine lenye kudai kuipenda mimea, nalo linastahili kukemewa kwa sauti ileile. Ni wale wanaouza unga wa mizizi katika chupa zilizobandikwa orodha ya maradhi, kuanzia kisukari hadi kesi mahakamani. Mganga wa kweli wa mwambao aliujua mti mmoja kwa ugonjwa mmoja, alijua kiasi, alijua nani asipewe, na alijua kusema hapa sina dawa, mpelekeni hospitali. Elimu ya namna hiyo inapimika, na Tanzania bara ilianza kuipima pale kitengo cha dawa za asili kilipoanzishwa Muhimbili mwaka 1974. Chupa ya maradhi yote ni kejeli dhidi ya elimu hiyo, na kila daktari anayeicheka elimu nzima kwa sababu ya chupa hiyo anafanya kazi ya mwenye chupa. Watafiti nao wajiangalie. Wazee wa Pemba na wa Tumbatu wamehojiwa, majina yameandikwa, matawi yamebebwa, na maandishi yakatoka kwa Kiingereza katika majarida ambayo sheha wa kijiji hayasikii hata kwa jina. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka wenye ujuzi waridhie na wapate sehemu yao, na Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda ujuzi wa jadi. Haki iliyo nyepesi kuliko zote, ya kumrudishia mzee maneno yake katika lugha aliyoyasema, haihitaji itifaki.

Mijikenda wa pwani ya Kenya wameonesha kwamba ulinzi unawezekana bila ya ukuta wala tiketi. Makaya yao, ambayo baadhi yake yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, yalidumu kwa sababu wazee walikataza tawi lisikatwe, na katazo likatiiwa. Na ndani ya vipande hivyo vidogo imesalia miti ambayo pande zote zinazozunguka imekwisha. Unguja na Pemba zina makaburi ya mawalii, zina mizimu ya mitini, zina viwanja vya misikiti mikongwe, na kwa muda mrefu heshima ya mahali ililinda na mti wa mahali. Siku hizi kiwanja hupigwa saruji ili kionekane safi.

Na siku ya kupanda miti inapofika, viongozi hushika majembe mbele ya kamera, na miche inayotolewa kitaluni aghalabu ni mivinje na mikeshia ya Australia. Sababu hutajwa: hukua haraka, hutoa kuni na nguzo. Sababu hiyo ni nzuri kwa shamba la kuni, na shamba la kuni linahitajika sana, maana kila nguzo inayotoka huko inaunusuru mti mmoja wa maweni. Lakini skuli si shamba la kuni, wala hospitali, wala chuo cha Kiswahili, na bado mikeshia ileile huchimbiwa mashimo huko, kisha taarifa huandikwa kwamba miti elfu kadhaa imepandwa. Miti gani? Aina ya miti.

Kinachodaiwa hakigharimu hata sehemu ndogo ya ukoka wa hoteli moja. Kila skuli ya visiwani itenge kipande cha uwanja kwa mimea ya shehia yake, wala si kwa mimea ya kitabu. Kila mmea uwe na kibao, jina la Kiswahili la hapohapo likitangulia, la Kimakunduchi kama ni Makunduchi, la Kipemba kama ni Pemba, kisha ndipo lije la Kilatini kwa herufi ndogo. Wasusi, wakunga na wavuvi waitwe kufundisha, na walipwe kama mwalimu anavyolipwa, si kushukuriwa kwa kanga. Watunga kamusi wahudhurie madarasa hayo wakiwa na kalamu, na washairi wakae nao safu ya nyuma. Majarida ya ushairi nayo yanaweza kuanza na jambo dogo: shairi likija na kilua, mhariri amuulize mtungaji amekiona wapi.

Mahali pa kuanzia papo. Mpapindi bado unasimama Ngezi, mbegu zake zinaanguka chini ya mama yake, na safari kutoka huko hadi Wete haimalizi asubuhi. Kinachohitajika ni ruhusa ya maandishi kutoka kwa walinzi wa msitu, mifuko michache ya udongo, na mwalimu mmoja ambaye hataogopa kuambiwa kwamba anajaza uwanja wa skuli kichaka.